Jinsi ya Kuanza Kupiga Bluegrass katika Kikao cha Wapigaji

Mtu anayefika kwa mara ya kwanza katika kikao cha bluegrass, muziki wa vyombo vya nyuzi wa Marekani, iwe ni kwenye baraza ya duka la kijijini katika jimbo la Kentucky au kwenye kambi ya mahema wakati wa tamasha, hukuta watu sita hadi kumi na wawili wameketi kwa duara, kila mmoja na chombo chake cha nyuzi, bila kipaza sauti, bila ngoma na bila karatasi ya noti. Wimbo ambao hawajawahi kuufanyia mazoezi pamoja huanza, hupita kwa kila mmoja na kuisha kana kwamba watu hao wamelelewa nyumba moja. Kinachowawezesha ni kanuni chache ambazo hazijabandikwa ukutani popote, na mgeni asiyezijua huvuruga kikao bila kutambua alichokosea.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayeweza angalau kushika gita au chombo kingine cha nyuzi na kupiga wimbo mmoja mwepesi bila kukwama. Mimi niliuingia muziki huu baada ya kuhamia Kentucky, nikiwa nimepiga gita la rithimu katika kwaya kwa miaka kadhaa, na mengi ninayoyaonya hapa niliyafanya mwenyewe kabla sijaelekezwa.

Jambo la kulielewa mapema ni kwamba katika duara la watu kumi, mmoja hutangulia na tisa humwitikia, yaani humsindikiza kwa rithimu. Kwa hesabu hiyo, anayejua kuitikia vizuri tayari ameimudu sehemu kubwa ya kazi hata kama hajawahi kupiga solo (zamu ya chombo kimoja kuongoza kwa melodi) maishani mwake, ilhali aliyekariri solo ishirini na hajui kuitikia atakuwa mzigo kwa wenzake. Ndiyo maana hatua nyingi zinazofuata zinahusu kuitikia, na solo itakuja karibu na mwisho.

Muziki wenyewe kwa ufupi

Bluegrass ilipata jina lake kutoka kwa bendi ya Bill Monroe, aliyezaliwa mwaka 1911 katika kijiji cha Rosine, Kentucky, na aliyeiita bendi yake Blue Grass Boys kwa sababu Kentucky inajulikana kama jimbo la majani ya buluu. Mwaka 1939 alipokelewa katika kipindi cha redio cha Grand Ole Opry mjini Nashville, lakini sauti ambayo leo inatambulika kuwa bluegrass ilikamilika mwishoni mwa mwaka 1945, pale Earl Scruggs alipojiunga na bendi hiyo akiichuna banjo, chombo cha nyuzi chenye kiwambo kama cha ngoma, kwa vidole vitatu, huku Lester Flatt akiwa kwenye gita. Bendi za wakati huo zilizoea kuzunguka kipaza sauti kimoja tu, hivyo mwenye zamu alisogea mbele, wengine wakarudi nyuma na kupunguza sauti, kisha akampisha anayefuata. Wanaoketi kwa duara leo hawana kipaza sauti hicho, lakini wanaendelea kupishana vilevile, na ukilikumbuka hilo kanuni nyingi za kikao zitakuwa rahisi kuzikubali.

Msomaji wa Kiafrika asidhani kwamba anaingia nyumba ya watu asiohusiana nao. Banjo ilitokana na vyombo vya nyuzi walivyovijua Waafrika wa Magharibi waliopelekwa utumwani, na Monroe mwenyewe alipokuwa kijana alipiga katika dansi za kijijini pamoja na Arnold Shultz, mpiga gita na fidla Mweusi ambaye Monroe alimkiri kuwa miongoni mwa waliomfunza. Tena wimbo aliouimba Monroe alipofanyiwa majaribio ya kuingia Grand Ole Opry mwaka 1939 ulikuwa wa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa country wa Marekani, yule yule ambaye santuri zake zilifika Bonde la Ufa nchini Kenya na kuwafanya Wakipsigis wamtungie wimbo wa Chemirocha, jina ambalo ni Jimmie Rodgers katika matamshi yao, na ambao Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliurekodi mwaka 1950.

Hatua ya kwanza: kuchagua chombo

Vyombo vinavyokubalika bila maswali ni gita la nyuzi za chuma lisilo la umeme, banjo ya nyuzi tano, mandolini (chombo kidogo chenye nyuzi nane), fidla, besi kubwa ya kusimama, na lile gita linalolazwa na kupigwa kwa chuma cha kutelezesha, liitwalo dobro. Ngoma, kinanda na vyombo vya umeme havimo katika kikao cha kawaida. Nasema hili kwa uwazi kwa sababu mtu wa pwani au wa bara kwetu, akisikia muziki unaochangamka namna hii, mkono wake huanza kutafuta kayamba. Kayamba ibaki nyumbani, kwa kuwa kazi ya ngoma tayari imegawanywa kati ya besi, gita na mandolini, na kila anayeongeza mlio wa kugonga huwaondolea wenzake nafasi yao.

Kwa anayeanza, gita ndilo chombo jepesi zaidi, nalo ndilo nitakalolitumia katika mifano. Gita la nyuzi za nailoni halifai, kwa sababu sauti yake humezwa mara banjo inapoanza. Anayeweza kupata besi atapendwa kuliko wote, maana vikao vingi havina mpiga besi, na kazi yake ya mwanzo ni sauti mbili tu kwa kila kodi. (Neno kodi ndilo wanalolitumia wapigaji wetu kwa sauti tatu au zaidi zinazopigwa kwa pamoja, na halihusiani na mamlaka ya mapato.) Banjo huhitaji miezi ya mazoezi ya mkono wa kulia kabla haijaanza kusikika kama banjo, na fidla huhitaji zaidi ya hapo.

Hatua ya pili: mkono wa kulia

Rithimu ya bluegrass huhesabiwa moja, mbili, tatu, nne. Besi hupiga kwenye moja na tatu, mandolini hukata kwa mlio mfupi kwenye mbili na nne, na gita hufanya yote mawili: huchuna uzi mmoja mnene kwenye moja, hupapasa nyuzi nyembamba kwenye mbili, huchuna uzi mwingine mnene kwenye tatu, kisha hupapasa tena kwenye nne. Ukiwa kwenye kodi ya G, mnene wa kwanza ni uzi wa sita na wa pili ni uzi wa nne. Kwenye C anza na uzi wa tano, kisha wa nne, na kwenye D anza na uzi wa nne, kisha wa tano. Nyimbo za mwendo wa waltz, zinazohesabiwa moja, mbili, tatu, huwa na uzi mmoja mnene unaofuatwa na mapapaso mawili.

Hapa ndipo wapigaji wa kwetu tunapoteleza. Mkono uliolelewa na benga au rumba umezoea kufuma, kujaza kila nafasi kwa vijisauti vinavyojibizana, na ukiachwa huru utafanya hivyo hivyo ndani ya duara. Katika bluegrass nafasi hizo ni za mwimbaji na za mwenye solo. Kazi ya gita la rithimu ni kushika njia, kwa sauti safi, bila pambo lolote, isipokuwa kile kipande kifupi cha kupanda kwenye kodi ya G kinachohusishwa na Lester Flatt, ambacho huwekwa mwishoni mwa mstari na ambacho utakisikia mara nyingi kiasi cha kukijua bila kufundishwa.

Fanya mazoezi kwa metronomu, kifaa kinacholia kwa mwendo usiobadilika, ukiiweka ilie kila unapochuna uzi mnene. Anza na 60 kwa dakika. Vikao vya wanaoanza huenda polepole, pengine kati ya 70 na 90, na wakongwe wakichangamka huvuka 120. Usiongeze mwendo mpaka uweze kupiga dakika tano mfululizo bila mkono wa kulia kusita, hata pale mkono wa kushoto unapokosea. Kidole kikichelewa kufika kwenye kodi, lainisha vidole vya kushoto ili nyuzi zitoe mlio mfu, lakini mkono wa kulia uendelee kuhesabu. Wenzako hawatajali sana kodi uliyoikosa, ila ukisimama katikati ya ubeti kila mtu ataisikia njia ikikatika.

Hatua ya tatu: kuzijua kodi kwa namba

Nyimbo nyingi za kikao zina kodi tatu tu. Wapigaji wa bluegrass huzitaja kwa namba, 1, 4 na 5, ili wimbo uweze kuhamishwa kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine bila kuufundisha upya.

Aliyepita katika kwaya ya kanisa ana faida kubwa hapa, na mara nyingi hajui kwamba anayo. Mwalimu wa kwaya anapotangaza “Doh ni G” amekwisha kusema ufunguo, na kodi ya 1 ni ile inayojengwa juu ya do, ya 4 juu ya fa, na ya 5 juu ya so. Kwa hiyo katika G utapiga G, C na D. Katika A utapiga A, D na E. Katika C utapiga C, F na G. Na katika D utapiga D, G na A. Sikio lililozoea kuimba do-re-mi-fa-so husikia wimbo unapohamia fa kabla akili haijatafuta jina la kodi, nalo ndilo sikio linalohitajika.

Chukua mfano wa ubeti mfupi wa vipimo 8 (kipimo ni hesabu moja kamili ya moja hadi nne), ambao muundo wake unafanana na wa nyimbo kadhaa utakazozikuta: vipimo viwili vya 1, viwili vya 4, kimoja cha 1, kimoja cha 5, na viwili vya 1 vya kumalizia. Kwenye ufunguo wa G itakuwa G, G, C, C, G, D, G, G. Upige mpaka uchoke, kisha uuhamishie A na D bila kuuandika. Baada ya hapo ongeza kodi mbili za wageni wa mara kwa mara, ambazo ni ile ndogo yenye huzuni inayojengwa juu ya la, ambayo katika G ni E ndogo, na ile iliyo hatua moja nzima chini ya do, ambayo katika G ni F na ambayo huupa wimbo ladha ya kale ya milimani.

Nyimbo za fidla zisizo na maneno zina mpangilio wake. Kwa kawaida huwa na sehemu mbili za vipimo 8, kila sehemu ikirudiwa, hivyo mzunguko mmoja ni vipimo 32. Hesabu mizunguko hiyo hata kama hujui wimbo, kwa kuwa mabadiliko ya zamu hutokea mwishoni mwa mzunguko.

Hatua ya nne: kapo

Kapo ni kibanio kinachofungwa shingoni mwa gita ili kupandisha sauti za nyuzi zote kwa pamoja, na katika bluegrass hakuna aibu yoyote kuitumia. Ukiifunga kwenye freti ya pili (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gita) na kushika maumbo ya G, C na D, unasikika katika ufunguo wa A. Kwenye freti ya nne unasikika katika B, ufunguo unaopendwa na wanaume wenye sauti za juu. Maumbo ya C yakifungiwa kapo kwenye freti ya pili hutoa ufunguo wa D. Fungua na ufunge kapo kwa ukimya, kisha uangalie kama nyuzi bado ziko sawa, kwa sababu kapo ikikaza kupita kiasi huzipandisha kidogo. Kile kifaa kidogo cha kubana kichwani mwa gita kinachoonyesha kama uzi umepanda au umeshuka ni lazima uwe nacho, maana katika duara hakuna atakayesubiri ulinganishe nyuzi kwa sikio huku banjo ikijaribiwa pembeni yako.

Hatua ya tano: kutafuta kikao na kukaa nje ya duara

Walio Marekani wana mahali pengi pa kuanzia. Station Inn mjini Nashville, iliyofunguliwa mwaka 1974, inajulikana kwa kikao chake cha Jumapili usiku. Kijijini Rosine kwenyewe kuna ghala la muziki ambako watu hukusanyika siku za Ijumaa. Na mjini Floyd, Virginia, duka la Floyd Country Store huwa na dansi ya Ijumaa ambayo wapigaji wake hufurika mpaka kando ya barabara. Thibitisha ratiba kabla ya kusafiri. Katika miji mingi duka la vyombo vya muziki ndilo linalojua nani anakutana wapi, na ukiuliza, taja kwamba unatafuta kikao cha mwendo wa polepole. Pete Wernick, mpiga banjo wa bendi ya Hot Rize, ameanzisha mfumo wa madarasa ambamo walimu huwafundisha watu kupiga pamoja tangu siku ya kwanza, na kwa aliye mwoga kabisa huo ni mlango mzuri.

Kabla ya kuchomoa gita kwenye mfuko, keti nje ya duara kwa nusu saa na utambue mambo mawili. Kwanza, je, hiki ni kikao cha bluegrass au cha muziki wa zamani wa milimani? Vyombo hufanana, na mgeni hawezi kutofautisha kwa macho, lakini katika muziki wa zamani wote hupiga melodi moja kwa pamoja, tena na tena, hakuna solo, na huweza kukaa katika ufunguo mmoja muda mrefu kwa sababu banjo zao hubadilishiwa ulinganifu wa nyuzi kwa kila ufunguo. Anayejitosa na solo humo ataonekana kama mtu aliyesimama kuhutubia katikati ya sala. Pili, je, duara limefunguliwa? Kwenye matamasha kundi la watu watano walio karibu karibu, wanaosimama na kurudia kipande kimoja, pengine ni bendi inayofanya mazoezi. Kiti kilicho wazi na macho yanayokutazama ni dalili njema, lakini hata hapo subiri wimbo uishe na uombe: “Je, naweza kukaa nanyi?” Sijawahi kukataliwa nilipouliza, na nimeona waliojiketisha wakinuniwa.

Hatua ya sita: kuingia na kuitikia

Kaa mahali ambapo unauona mkono wa kushoto wa mpiga gita mwenye uzoefu, kwa sababu mkono huo ndio kitabu chako. Jifunze kuzisoma kodi kwa umbo. Kwenye G vidole vimetawanyika kwenye kingo mbili za shingo, baadhi vikiwa upande wa nyuzi nene na kimoja au viwili upande wa uzi mwembamba kabisa. Kwenye C vinapanga ngazi inayoshuka kwa mshazari. Na kwenye D vinajikusanya katika pembetatu ndogo kwenye nyuzi tatu nyembamba. Baada ya siku chache utaiona pembetatu ikikaribia kabla haijatua, nawe utafika pamoja naye. Ukiona mwenzako ana kapo kwenye freti ya pili, weka yako hapo hapo, na maumbo yatalingana.

Sauti yako iwe ya chini kuliko unavyodhani inafaa. Kipimo wanachokitumia wakongwe ni rahisi: ukiwa huyasikii maneno ya mwimbaji aliye upande wa pili wa duara, wewe ndiye unayepiga kwa nguvu mno. Sauti hushushwa mtu anapoimba, hushushwa zaidi mandolini au gita linapopiga solo, na huruhusiwa kupanda kidogo banjo inaposhika zamu. Kama wapo wapiga gita wengine wanne, piga kwa kugusa tu, na wimbo ukiwa wa kasi kuliko uwezo wako pumzika na usikilize. Mapambo nyuma ya mwimbaji ni ya chombo kimoja kwa wakati mmoja; fidla ikiwa inalia nyuma yake, banjo na dobro hunyamazisha mapambo yao.

Kisha yaangalie miguu. Anayeongoza wimbo huinua mguu mmoja mbele kidogo kuashiria kwamba mzunguko huu ndio wa mwisho. Katika kikao changu cha kwanza nilikuwa nimeinamisha kichwa nikivitazama vidole vyangu, na mzee aliyekuwa na mandolini upande wa kulia akainua mguu wake taratibu, wote wakauona, wote wakamaliza kwa pigo moja, nami nikaendelea na kodi ya C peke yangu, mapigo matatu mazima, katika chumba kilichokwisha kunyamaza. Hakuna aliyecheka. Mzee aliweka mandolini mapajani akaniambia, “Mara nyingine tazama viatu, kijana, vidole vyako haviendi popote.”

Hatua ya saba: zamu ya solo

Zamu huzunguka duara kwa mpangilio, na anayeongoza humtazama anayefuata au humwashiria kwa kichwa. Ukitaka kupiga, itikia kwa kichwa. Usipotaka, tikisa kichwa mara moja na umtazame jirani yako ili zamu ipite bila pengo. Kukataa si kosa wala hakukuondolei heshima. Kosa ni kusitasita, kwa sababu zamu hutangazwa ubeti au kiitikio kinapokaribia kuisha, na ukichelewa kujibu solo itaanza bila mtu.

Solo ya nyimbo zenye maneno kwa kawaida hupigwa juu ya kodi za ubeti, na solo ya kwanza inayofaa ni melodi yenyewe ya ubeti huo, bila madoido. Kwa mpiga gita, njia nyepesi ni ile iliyotangazwa na Maybelle Carter wa Virginia, ambaye kundi lake lilirekodi mjini Bristol mwaka 1927: melodi hupigwa kwenye nyuzi nene, na kila inapopata nafasi ya kupumua mkono hupapasa nyuzi nyembamba, hivyo rithimu haikatiki. Anayempenda Jean Bosco Mwenda, mpiga gita wa Katanga, atatabasamu kwa mshangao mdogo, kwani kwa Bosco dole gumba lilishika besi na kidole cha shahada kikaimba juu yake, ilhali hapa dole gumba ndilo linaloimba. Chagua wimbo mmoja unaoweza kuuimba kwa mdomo bila gita, utafute sauti zake kwenye nyuzi nne za juu ya gita unapolitazama kutoka kifuani, na usikubali solo ya wimbo mwingine wowote mpaka huo uwe umeupiga mbele ya watu mara tatu au nne.

Hatua ya nane: kuongoza wimbo na kuimba

Zamu ya kuchagua wimbo nayo huzunguka, na siku moja itakufikia. Uwe na nyimbo tatu tayari, zenye kodi tatu, katika ufunguo unaouweza kooni mwako, na mojawapo iwe wimbo ambao wengi wanaufahamu. Taja jina la wimbo, ufunguo, na jambo lolote lisilo la kawaida kabla ya kuanza, kwa mfano: “Uko kwenye A, kodi tatu, kiitikio kinaanza na 4.” Halafu mwombe mwenye fidla au banjo aufungue kwa mstari wa mwisho wa melodi, au uanze mwenyewe kwa kupiga kodi ya 1 kwa mwendo unaoutaka, kwani mwendo wa mapigo yale manne ya kwanza ndio utakaobaki mpaka mwisho. Ukishaanza, wewe ndiye dereva: kila baada ya kiitikio uamue kama ni ubeti au ni solo, umwashirie mwenye zamu mapema, na kiitikio cha mwisho kikifika uinue mguu. Si uungwana kuchagua wimbo uliokwisha kupigwa usiku huo, wala wimbo wenye kodi nyingi ambazo wewe peke yako unazijua.

Kwenye kuimba kuna mtego unaowanasa wanakwaya. Katika kwaya zetu melodi iko juu, sauti ya kwanza, na sauti nyingine zimepangwa chini yake. Katika bluegrass melodi iko katikati: juu yake kuna sauti iitwayo tenor, ambayo si ile tenor ya wanaume tuliyozoea kuiita sauti ya tatu, na chini yake kuna baritone. Sauti ya besi huongezwa hasa katika nyimbo za injili za watu wanne. Beti huimbwa na kiongozi peke yake, na wengine huingia kwenye kiitikio tu, mtu mmoja kwa kila sauti. Kwa hiyo ukisikia mtu ameishika tenor, usiipande juu yake. Tafuta baritone, ambayo wengi huikimbia kwa sababu haina melodi ya kukumbukika, na wenzako watakushukuru.

Kikao kikiisha

Rudisha kiti ulipokitoa, na kabla hujalala andika kwenye daftari kila wimbo uliopigwa ambao hukuufahamu, ufunguo wake, na mtiririko wa kodi zake kwa namba. Siku inayofuata utafute mmoja wa hizo kwenye intaneti, uupunguze mwendo hadi robo tatu katika kicheza video, na uupige pamoja na rekodi huku ukichuna uzi mnene na kupapasa, hakuna zaidi. Nyimbo hurudi. Ule nilioendelea nao peke yangu kwenye C ulichaguliwa tena wiki tatu baadaye na mtu mwingine, kwenye ufunguo wa A, nami nilikuwa nimekwisha kufunga kapo kwenye freti ya pili kabla hajamaliza kulitaja jina lake, macho yangu yakiwa kwenye viatu vya yule mzee.